Fundi Mizani Anayeihamishia Besi Miguuni kwa Mumewe

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Ibadakuli, Shinyanga. Justa Bujiku amelala kifudifudi sebuleni kwake, kichwa kimezama chini ya kinanda, miguu imetokeza mpaka karibu na mlango. Mkononi ana kibanio, mdomoni ameuma tochi ndogo. Kuku anaingia, anamchungulia kisigino, anatoka.

"Baba Aneth, kanyaga ya nne," anasema, na kwa sababu ya tochi maneno yanatoka yamepinda.

Mume wake, Herman, amekaa kwenye kiti cha kinanda. Anashusha mguu wa kushoto taratibu. Kimya.

"Nimekanyaga."

"Umekanyaga ya tano."

"Ya nne. Nihesabu mimi au uhesabu wewe?"

"Kanyaga tena basi, wala usigombe."

Anakanyaga. Safari hii unasikika mkwaruzo, halafu inatoka sauti nene, ya chini kabisa, sauti ambayo mtu anaisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Vikombe kabatini vinatikisika. Justa anatema tochi na kujitoa chini ya kinanda, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Saba zimelia," anasema. "Bado sita. Na siku ni mbili."

Leo ni Alhamisi. Jumamosi saa nne asubuhi padre anakuja kusoma misa hapa hapa nyumbani, kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu afariki Abeli, mdogo wake Herman. Herman ameahidi kupiga kinanda. Lakini mkono wake wa kushoto haufai tena kwa kazi hiyo, na huo ndio uliokuwa ukishika besi, sauti za chini za wimbo. Imebidi besi ishuke miguuni. Na pedali za miguu, zote kumi na tatu, zimekaa bubu miaka kumi na tisa.

Justa ana miaka hamsini na nane. Si fundi wa vinanda, na yeye mwenyewe hataki aitwe hivyo. Kazi inayomlisha ni kutengeneza mizani, hii midogo ya umeme inayotumiwa na wanunuzi wa dhahabu. Jumanne na Ijumaa hupanda gari kwenda machimbo ya Mwakitolyo, anakaa kwenye kibanda cha mabati, anafungua mizani zilizojaa vumbi la mawe. Siku nyingine hupelekewa kazi nyumbani kutoka Kahama, zimefungwa kwenye soksi ili zisigongane.

Kusafisha mizani moja ni shilingi elfu kumi na tano. Wiki nzuri huingiza elfu tisini, wiki mbaya nauli tu. Ufundi huo aliupata kwa fundi redio wa Shinyanga mjini, ambaye alimwajiri kufagia duka na kuchemsha chai, akaishia kumkabidhi pasi ya kulehemu.

"Alisema mkono wangu umetulia," anasema Justa. "Mkono wa kushona vitambaa. Wanaume aliowafundisha walikuwa wanachoma bodi kama wanachoma mahindi."

Kinanda chenyewe kilikuwa cha Sista Klara, mtawa wa Kizungu aliyefundisha kwaya katika kigango chao miaka mingi. Mwaka 1993, alipokuwa anarudi kwao akiwa mzee, alimwachia Herman, mpiga kinanda wake. Herman na Abeli walikichukua kwa mkokoteni wa ng'ombe, wamekifunika kwa magodoro mawili, na njiani kila aliyekutana nao aliwapa pole akidhani wamebeba maiti.

Ni kitu kizito. Kabati la mbao lenye safu mbili za vibonye vyeupe na vyeusi, arobaini na nne kila safu, na chini zile pedali kumi na tatu kama ngazi iliyolazwa. Kilitengenezwa Ulaya zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Ndani kina bodi kumi na mbili, kila bodi inazaa sauti moja. Bodi moja ikifa, sauti hiyo inapotea kuanzia juu mpaka chini, kama mtu aliyeng'oka jino moja kila upande.

Hakuna duka la spea. Hakuna karatasi ya maelezo. Ilikuwepo, mchwa wakaila. Kila anachokijua Justa amekijua kwa kufungua. Mwaka wa kwanza alitoa ndani mayai ya mijusi thelathini na moja. Kapasita zilizovimba amezibadilisha moja moja, akinunua mpya kwa mafundi televisheni. Umeme ukiyumba fyuzi inakatika, kwa hiyo amefunga stabilaiza ya friji, na friji yenyewe sasa haina.

"Watu wananiuliza, mama, kwa nini usikiache?" anasema. "Nawaambia, ninyi mna televisheni, mimi nina mume anayepiga kinanda. Kila mtu na starehe yake."

Kurekebisha sauti wanafanya wawili. Justa ana bisibisi, Herman ana masikio. Mke huzungusha kiskurubu kilicho juu ya bodi, mume husema: bado, bado, umepita, rudi, hapo. Masikio ya Herman hayajaharibika. Kilichoharibika ni mikono.

Kwa miaka kumi na minne Herman, ambaye sasa ana miaka sitini na sita, alichoma dhahabu. Wachimbaji walimletea dhahabu iliyokwisha kukamatwa na zebaki, kitonge cha rangi ya fedha, naye alikiweka kwenye kikaango juu ya mkaa. Zebaki hupanda na moshi, dhahabu hubaki. Abeli alikuwa akipuliza moto. Walifanyia kazi hiyo jikoni, jiko la nje la nyumba hii, mlango ukiwa umefungwa ili upepo usiyumbishe moto na jirani asione kilichomo.

"Hakuna aliyetuambia," anasema Herman. Kisha anajisahihisha. "Kuna waliotuambia. Tuliona wanatuonea wivu."

Abeli alianza kuvimba miguu, figo zikakataa, akafariki mwaka jana akiwa na miaka hamsini na tisa. Herman alianza kutetemeka. Kwanza kijiko, halafu kalamu, halafu kifungo cha shati. Daktari alimweleza kwamba kutetemeka kwa namna hiyo kunaonekana kwa watu waliovuta moshi wa zebaki muda mrefu, akampa dawa za kupunguza, lakini hakumwahidi kupona.

Kinanda cha namna hii hakimsamehi mtu anayetetemeka. Kibonye kikiguswa tu kinalia. Kidole kikitikisika, sauti inakatikakatika, na kidole cha jirani kinaamsha sauti isiyoitwa. Miaka mitatu iliyopita Herman alifunika kinanda kwa shuka akasema basi.

Justa alikaa wiki moja akilitazama lile shuka. Halafu akafanya jambo ambalo ni mtu wa mizani tu angelifikiria. Alichukua mawe yake ya kupimia, vile vijiwe vya shaba anavyotumia kuhakikisha mizani ya dhahabu, akavipanga juu ya kibonye kimoja kimoja mpaka kishuke. Akaona kila kibonye kinashuka kwa gramu tisini. Kisha akamwambia mume wake aweke kidole juu ya mizani, akipumzishe tu, asibonyeze. Tarakimu zilicheza, zikapanda mpaka mia na thelathini.

"Nikajua ugonjwa wetu uko wapi," anasema. "Kutetemeka kuna gramu mia na thelathini. Kibonye kina tisini. Basi kibonye kiongezwe uzito."

Chini ya kila kibonye kuna springi. Alizitoa, akakata mizunguko miwili kwa kila moja, akazirudisha zikiwa zimekaza. Arobaini na nne za safu ya juu na arobaini na nne za safu ya chini, kila moja akaipima kwa mawe mpaka ikafika mia na sitini. Kazi hiyo ilimchukua majuma sita. Alipomaliza alitoa shuka. Kidole cha Herman kilipotetemeka juu ya kibonye, kibonye hakikujali. Alipokusudia kubonyeza, kikalia.

"Alilia," anasema Justa. "Mimi nikamwambia usilie, machozi yataingia ndani, kuna umeme."

Lakini ugonjwa haukusimama. Kila baada ya miezi mitatu hupima tena, huandika kwenye daftari la shule. Mkono wa kulia sasa unatetemeka kwa gramu mia na hamsini, na kibonye amekipandisha mpaka mia na themanini. Nguvu za kidole hicho, akikusudia hasa, ni mia mbili na arobaini. Nafasi ipo, inapungua. Mkono wa kushoto nafasi ilikwisha mwezi wa tatu: kutetemeka kumeifikia nguvu. Hakuna springi itakayomsaidia.

Ndipo kwa mara ya kwanza Justa alipofungua sanduku la pedali.

Alikuwa anajua kwamba zimekufa. Alikuwa anajua pia sababu, maana Herman alimweleza zamani sana: panya wamekula waya. Alikuta vijiwaya vya kugusana, vile vinavyokutana na ufito wa chini pedali inapokanyagwa, vyote kumi na tatu vimekatwa sawasawa. Na ule ufito haupo kabisa.

"Nilimwita," anasema. "Nikamwambia, Baba Aneth, hebu njoo uone. Panya wa nyumba hii walikuwa na plaizi."

Herman aliangalia, akatoka nje, akakaa siku mbili bila kulizungumzia. Siku ya tatu alisema.

Mwaka 2006 kulikuwa na maneno machimboni kwamba vinanda na redio za Wazungu zimepakwa dhahabu ndani. Na kwa kinanda hiki ilikuwa kweli: sehemu za kugusana zilipakwa dhahabu nyembamba ili zisishike kutu. Basi mchana mmoja Justa akiwa kazini, ndugu hao wawili walipindua sanduku la pedali, wakakata, wakakwangua, wakachanganya na zebaki, wakachoma. Walichagua pedali kwa sababu Herman hakuwa akizitumia sana. Mkono wa kushoto ulitosha.

Walichopata hakikufika hata pointi moja, kipimo kidogo kabisa cha dhahabu machimboni. Mnunuzi alicheka, akawaambia wakanunulie kiberiti.

"Akaniambia ilikuwa fikra ya Abeli," anasema Justa. "Nikanyamaza. Marehemu hana mdomo."

Tangu mwezi wa tatu amekuwa akizitafutia pedali vijiwaya vipya. Alijaribu waya wa breki ya baiskeli. Masika ikaja, ukashika kutu. Alijaribu shaba, baada ya wiki tatu ikawa ya kijani na sauti ikaanza kukwaruza. Alijua dawa yake ni dhahabu, na dhahabu anaiona Jumanne na Ijumaa, lakini si yake.

Huko Mwakitolyo yuko mnunuzi mmoja, Masudi, mteja wake wa muda mrefu, mtu mnene mwenye maneno mengi.

"Mama Aneth," alimwambia siku moja mbele ya watu, "achana na hilo jeneza. Nitakununulia kinanda cha Kichina, cha betri, kina ngoma mia ndani yake."

"Kina ngoma mia, na wewe una mizani moja, nayo inasema uongo," Justa alimjibu. "Nianze kutengeneza ipi?"

Wachimbaji waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka Masudi mwenyewe akacheka. Mizani ile ilikuwa ikizidisha uzito, yaani ilikuwa inamwibia Masudi, na ndiyo maana aliweza kucheka.

Ufumbuzi aliupata stendi ya Shinyanga, kwa Loveness, msichana anayetengeneza simu. Justa alikuwa amekaa kwenye benchi lake akisubiri mvua ipite, akaona beseni la simu ndogo zilizokufa, zile za vitochi. Alichukua moja, akafungua mgongo. Pale betri inapokaa pana vispringi vidogo vya rangi ya njano. Akavitazama kwa miwani yake ya kazi. Vimepakwa dhahabu.

"Shikamoo mama, unatafuta laini?" Loveness alimuuliza.

"Marahaba mwanangu. Natafuta vispringi hivi. Kumi na tatu, vya aina moja."

"Vya nini tena?"

"Vya kinanda."

Loveness alitikisa beseni. "Mama, hawa ni marehemu wote. Unataka kuwafufua wawe kwaya?"

"Ndiyo. Na wewe utakuja kuwasikiliza."

Ilimchukua Loveness wiki mbili kukusanya kumi na tatu vinavyofanana, na akakataa malipo. Kwa ule ufito Justa alitumia njiti ya gurudumu la baiskeli isiyoshika kutu, akaisugua kwa majivu na limao mpaka ikang'aa. Alivilehemu vispringi kimoja kimoja. Ndiyo kazi aliyokuwa akiimalizia Alhamisi hii.

Ijumaa hakwenda Mwakitolyo. Kufikia saa nane mchana pedali zote kumi na tatu zinalia. Herman anazipitia kutoka kushoto kwenda kulia, viatu amevaa vya kanisani, vya soli nyembamba. Uso umemchangamka. Halafu anainua mguu kutoka kwenye pedali ya tisa, na sauti haikomi.

"Nyamazisha," anasema Justa.

"Sijakanyaga kitu."

"Ondoa mguu."

"Mguu uko hewani, Mama Aneth. Huu hapa."

Pedali ya tisa inaendelea kunguruma peke yake. Kisha ya pili nayo, ikikanyagwa, haiachi. Vispringi vya simu vilitengenezwa kukumbatia betri, si kuachia. Vikigusa ule ufito vinanata.

Justa anazima umeme ukutani. Nyumba inakuwa kimya. Anakaa sakafuni, mgongo kwenye kinanda. Herman anashuka kwenye kiti, anakaa karibu yake, mikono ameibana katikati ya magoti ili isionekane.

"Tuseme kwaya iimbe tu bila kinanda," anasema Herman. "Abeli hatakasirika."

"Sijafika hapo."

"Nakuonea huruma."

"Nionee huruma ukiwa umesimama. Nenda kwa jirani, mwambie akupe tyubu mbovu ya baiskeli."

Tyubu inaletwa. Justa anakata vipande vyembamba kama vya manati, kumi na tatu, anafunga kila kimoja nyuma ya kispringi ili kikivute kirudi mguu unapoinuka. Anapima kwa mawe yake: mpira ukivuta sana sauti haitoki, ukivuta kidogo haikomi. Anakata, anafunga, anafungua, anafunga. Jua linapotua ya kumi na tatu inalia na kunyamaza kama ilivyoamriwa.

Jumamosi ua umejaa. Watu wa jumuiya wamekuja na viti vyao, akina mama wamevaa vitenge vya sare, masufuria ya wali yako motoni nyuma ya nyumba. Kinanda hakikutolewa nje. Madirisha yamefunguliwa na padre ameweka meza ya altare kwenye baraza, mbele ya mlango wa sebule. Nelly, mjane wa Abeli, amekaa mstari wa kwanza na wanawe. Loveness amesimama karibu na ukuta, amefika kama alivyoambiwa.

Wimbo wa mwanzo Herman anaupiga vizuri. Mkono wa kulia juu, miguu chini, mkono wa kushoto ameuweka pajani. Wazee wanageuka kutazamana inapotoka ile besi. Haijasikika kwenye nyumba hii tangu zamani.

Wimbo wa pili ni wa maziko, ule ambao Abeli alikuwa akiuimbia sauti ya besi kanisani. Kwenye ubeti wa tatu mkono wa kulia unamkatalia. Pengine ni uchovu, pengine ni hofu. Vidole vinaruka, sauti tatu zinapishana, anabonyeza pasipotakiwa. Kwaya inasita. Herman anainua mkono, anauweka pajani kando ya ule mwingine, na kwa muda inaonekana kama amemaliza.

Miguu haikusimama. Besi inaendelea peke yake, taratibu, hatua kwa hatua, bila wimbo juu yake. Mama mmoja wa kwaya anaanza kuimba sauti ya kwanza. Wengine wanamfuata. Wanaimba beti mbili zilizobaki wakiwa wameibeba sauti ya juu wenyewe, na ya chini inatoka miguuni kwa Herman. Justa yuko sakafuni kando ya kinanda, na plaizi mfukoni mwa kitenge. Haangalii watu, anaangalia miguu.

Baada ya komunyo padre anamwuliza mkubwa wa familia kama ana neno. Herman anageuka kwenye kiti. Mikono inatetemeka na safari hii haifichi.

"Pedali hizi mnazozisikia zilikuwa zimekufa," anasema. "Niliwaambia watu ni panya. Mke wangu alipojua siyo panya, nikamwambia ni Abeli. Nikasema Abeli ndiye aliyetaka tuchome dhahabu ya kinanda cha Sista."

Anamgeukia Nelly.

"Ilikuwa mimi. Abeli alisema tuache. Alisema Sista atauliza. Mimi nikamwambia Sista yuko Ulaya, hasikii. Alipuliza moto kwa sababu mimi ni kaka yake, nilimwambia apulize. Na mioto mingine yote alipuliza hivyo hivyo. Shemeji Nelly, nimetaka kusema hilo mbele yako."

Hakuna anayepiga makofi, hakuna anayeguna. Nelly anasema kwa Kisukuma, neno moja, kwa sauti inayofika mpaka kwenye masufuria: "Wabeja." Asante. Haongezi lingine, na padre anaendelea na sala ya mwisho.

Watu walipokwisha kula na kuondoka, Justa aliulizwa kama maneno ya mume wake yalimshtua.

"Nilijua," alisema. Alikuwa anasuuza sahani. "Hakuna kitu Abeli alichokiogopa kama kugombezwa. Hawezi kuanzisha jambo la hivyo. Lakini kujua mimi siyo sawa na kusema yeye. Nilikuwa nasubiri. Kitu kama hicho huwezi kukifungua kwa bisibisi."

Hakusema kama amemsamehe. Alisema chakula kilitosha, na kwamba pedali ya sita imeanza kukwaruza.

Kinachomsumbua sasa ni hesabu. Jumapili mchana alipima tena kidole cha kulia. Kutetemeka kumefika mia na sitini. Kwa mwendo huo anaona mwaka mmoja, pengine na nusu, kabla mkono wa kulia haujafuata wa kushoto. Herman anajua, daftari liko wazi mezani.

Pedali kumi na tatu zinatosha besi tu. Wimbo hauingii humo. Kwa hiyo Justa amemwagiza seremala mmoja mbao za kutengeneza pedali nyingine kumi na mbili, ziungwe upande wa kulia. Sauti zake atazichukua kwenye safu ya chini ya vibonye, ile ya mkono wa kushoto, ambayo haina tena mwenyewe. Amekwisha kumwomba Loveness vispringi kumi na viwili. Anatumaini kumaliza kabla ya Krismasi, ili mume wake apate mwaka mzima wa kujifunza kupiga wimbo kwa mguu wa kulia wakati mkono bado upo wa kumkumbusha.

Na miguu nayo ikianza kutetemeka?

"Nitaangalia kitakachokuwa kinafanya kazi bado," anasema. "Mizani ikiletwa kwangu imekufa, sianzii palipokufa. Nazunguka kwanza nione wapi pana umeme. Hapo ndipo naanzia."

Ni Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Mizani mbili za Kahama zinamsubiri mezani zikiwa ndani ya soksi zake, hazijafunguliwa. Justa anachukua mizani yake, mawe ya kupimia na daftari, anapiga magoti mbele ya kiti cha kinanda.

"Baba Aneth," anasema, "vua viatu."